Bei Isiyoandikwa Dukani: Ubepari na Ukomunisti Katika Maisha ya Mtu wa Kawaida



Maneno ubepari na ukomunisti yamekuwa yakivuma masikioni mwetu tangu enzi za babu zetu. Wanasiasa waliyatumia kutukanana, wataalamu waliyaandikia vitabu vinene, na siku hizi vijana wetu huyabishania kwenye simu zao hadi usiku wa manane. Mmoja husema ukomunisti ungaliondoa umaskini wa Pwani kwa siku moja. Mwenziwe hujibu kwamba waliotajirika wote wametajirishwa na ubepari. Asiyeulizwa katika mabishano hayo ni mama wa nyumbani, ilhali yeye ndiye ajuaye bei ya unga, karo ya shule na dawa ya mtoto. Katika makala haya tumeazimia kuitazama mifumo hii miwili kutoka mlango wa jikoni kwake.

Tatizo ni kwamba watu wengi wameishi chini ya mfumo mmoja tu, na ule wa pili huupima kwa kusikia. Ipo nchi moja, hata hivyo, ambayo historia iliigawa mapande mawili, kila pande likapewa mfumo wake, na baada ya miaka 40 mapande hayo yakaungana tena. Nchi hiyo ni Ujerumani. Watu wake walikuwa wa lugha moja na mila moja, na mara nyingi wa ukoo mmoja. Mwanamke aliyezaliwa mjini Leipzig mwaka 1950 alikulia ukomunisti, akaolewa na kulea watoto humo, kisha akauzeekea ubepari bila kuhama nyumba yake. Ushahidi wa watu wa namna hiyo una uzito kuliko hotuba elfu moja.

Maana ya maneno yenyewe

Ubepari ni mfumo ambao nyenzo za kuzalisha mali, kama ardhi, viwanda, mashine na mabenki, humilikiwa na watu binafsi wanaotafuta faida, na bei ya vitu huamuliwa na soko. Ukomunisti hutaka nyenzo hizo ziwe za umma. Katika nchi zilizoujaribu, serikali ndiyo iliyopanga kitu gani kitengenezwe, kwa kiasi gani, na kiuzwe kwa bei gani. Nchi za Ulaya ya Mashariki zenyewe zilijiita za kijamaa, zikisema ukomunisti kamili ni lengo lililo mbele. Lakini zilitawaliwa na vyama vya kikomunisti, na kwa hivyo jina hilo tutalitumia hapa.

Fikra ya ukomunisti haikuzuka bila sababu. Uingereza ya karne ya 19 ilitajirika kwa viwanda vya nguo na migodi ya makaa ya mawe, na utajiri huo ulibebwa na migongo ya watoto. Mwaka 1833 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwakataza wenye viwanda vya nguo kuwaajiri watoto wa chini ya miaka 9. Mwaka 1842 ikapita nyingine ya kuwaondoa wanawake na watoto wadogo katika kazi za chini ya migodi. Jambo likihitaji kukatazwa kwa sheria, fahamu kwamba lilikuwa likitendeka kila siku. Kijana wa Kijerumani, Friedrich Engels, ambaye baba yake alikuwa na hisa katika kiwanda cha Manchester, aliyaona maisha ya wafanyakazi hao na mwaka 1845 akayachapishia kitabu. Yeye na rafiki yake Karl Marx walifikia uamuzi kwamba dhuluma haitaondoka mpaka mali ya mtu binafsi ya kuzalishia iondoke. Tiba waliyoipendekeza ndiyo iliyokuja kujaribiwa, karne moja baadaye, katika nchi waliyozaliwa wao wenyewe.

Mashariki: mkate wa senti tano

Ujerumani ilishindwa vitani mwaka 1945 ikagawanywa na washindi. Mwaka 1949 zikazaliwa dola mbili. Ile ya Magharibi, chini ya ulinzi wa Marekani, Uingereza na Ufaransa, ilifuata soko. Ile ya Mashariki, chini ya Umoja wa Kisovieti, ilifuata mpango wa serikali.

Katika Ujerumani ya Mashariki mkate mdogo wa kifungua kinywa uliuzwa pfennig 5, yaani senti 5 za huko, miaka nenda miaka rudi. Nauli ya tramu mjini Berlin ilikuwa pfennig 20. Kodi ya nyumba ilikuwa takriban marki 1 kwa kila mita moja ya mraba, hata familia ikitoa kodi yake, sehemu kubwa ya mshahara hubaki. Kazi ilikuwa haki ya kila mtu, na pia wajibu: aliyekataa kuifanya aliweza kushtakiwa. Mtu kufukuzwa kazini kwa sababu kiwanda kimekosa faida lilikuwa jambo lisilojulikana.

Kwa wanawake mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Kufikia mwaka 1989, takriban wanawake 9 kati ya kila 10 wa umri wa kazi walikuwa wakifanya kazi au wakisoma. Watoto wachanga wapatao 8 kati ya kila 10 walio chini ya miaka 3 walikuwa na nafasi katika nyumba za malezi, kwa gharama ndogo. Kuanzia mwaka 1976 mama aliyejifungua mtoto wa pili alipewa mwaka mzima wa likizo yenye malipo, na kuanzia 1986 haki hiyo ikamfikia hata wa mtoto wa kwanza. Ilikuwapo pia siku moja ya mapumziko yenye malipo kila mwezi, iliyoitwa siku ya nyumba, ili mwanamke mfanyakazi apate kufua na kusafisha. Siku hiyo, karibu daima, ilipewa mke. Waliopanga uchumi wote wa nchi hawakupanga ni nani atakayeosha vyombo jioni, na kwa hivyo mwanamke alitoka kiwandani na kuingia zamu ya pili jikoni.

Ni wazi kwamba mengi kati ya hayo mama yeyote wa Mombasa, Lamu au Malindi angeyapokea kwa mikono miwili. Lakini kila duka lina bei iliyoandikwa na bei isiyoandikwa, na watu wa Mashariki walizilipa zote mbili.

Bei ya usalama huo

Bei ya kwanza ilikuwa uhaba. Mkate ulikuwa rahisi mno hata wafugaji wakaununua kulishia sungura, kwa kuwa ulikuwa nafuu kuliko chakula cha mifugo. Lakini gari dogo la Trabant lilisubiriwa zaidi ya miaka 10, na wazazi wengine walimwandikisha mtoto angali mdogo ili alipate akiwa mtu mzima. Mpango wa serikali ulijua idadi ya tani za chuma, ila haukujua kwamba katika mtaa fulani akina mama wametafuta viatu vya watoto wiki nzima bila kuvipata.

Kisa cha kahawa kinatosha kuwa mfano. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani. Serikali ya Mashariki, ikiwa na upungufu wa fedha za kigeni, mwaka 1977 ilileta madukani mchanganyiko wa kahawa na nafaka za kukaanga, nusu kwa nusu au karibu na hivyo. Watu waliovumilia mengi hawakulivumilia hilo. Malalamiko yakamiminika, na mchanganyiko ule ukaondolewa. Serikali ikageukia Ethiopia, ikatoa silaha na kupokea kahawa. Baadaye ikasaidia kupanda mashamba ya mibuni nchini Vietnam, lakini miti ilipokuwa tayari kuleta mavuno makubwa, dola iliyoigharimia ilikuwa imekwisha kutoweka. Kwa hivyo kikombe cha asubuhi cha bibi mmoja wa Dresden kilifungamana na bunduki iliyopelekwa Afrika, na bibi huyo hakuulizwa.

Bei ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Watu wapatao milioni 3 walikuwa wamehamia Magharibi kufikia mwaka 1961. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti mwaka huo serikali ya Mashariki ikaanza kuziba mpaka wa Berlin kwa seng'enge, kisha kwa ukuta. Ndugu walioagana jioni wakitaraji kuonana kesho yake walitengana kwa miaka. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha kwenye ukuta huo.

Ndani ya ukuta kulikuwa na idara ya usalama iliyojulikana kwa jina la Stasi. Mwaka 1989 ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, pamoja na watoa habari wa siri zaidi ya 170,000, katika nchi ya watu milioni 16 na kitu. Watoa habari hao walikuwa majirani, walimu, wafanyakazi wenza, na mara nyingine watu wa chumba kimoja. Mafaili yalipofunguliwa, mwanaharakati Vera Wollenberger aligundua kwamba aliyekuwa akimpeleka habari zake kwa miaka ni mume wake mwenyewe, baba wa watoto wake. Serikali iliyompa mama nafasi ya malezi ya mtoto ndiyo iliyokwenda kumnunua mume ndani ya nyumba. Hakuna ruzuku ya mkate inayoweza kulipa deni la namna hiyo.

Magharibi: duka lililojaa

Upande wa pili, fedha mpya zilitolewa mwezi wa Juni 1948, na maduka yaliyokuwa matupu yakajaa bidhaa kwa siku chache. Katika miaka ya 1950 uchumi wa Ujerumani ya Magharibi ulikua kwa kasi iliyoushangaza ulimwengu. Mfanyakazi aliweza kununua jokofu, mashine ya kufulia, hatimaye gari. Aliweza kusoma gazeti alitakalo, kumpinga waziri hadharani, na kusafiri akirudi nyumbani salama.

Yafaa tukumbuke kwamba ubepari huu haukuachwa ukimbie bila hatamu. Bima ya afya ya wafanyakazi ilikuwapo Ujerumani tangu mwaka 1883. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nguvu, na mwaka 1957 sheria ikafunga malipo ya uzeeni na kupanda kwa mishahara, ili mzee asiachwe nyuma na bei za sokoni. Wenye mali walikubali kutoa, kwa sehemu kwa sababu ng'ambo ya mpaka ulikuwapo mfumo mwingine ukiwaita wafanyakazi wao.

Hata hivyo bei isiyoandikwa ilikuwapo. Mpaka mwaka 1977 sheria ya Magharibi ilimruhusu mke kufanya kazi ya mshahara pale tu ambapo kazi hiyo haigongani na wajibu wake wa ndoa na nyumba. Shule zilifunga adhuhuri, na nafasi za kulelea watoto wachanga zilikuwa adimu. Mama aliyetaka kazi ya siku nzima alijikuta hana pa kumwacha mtoto. Mume akifa au akimwacha, aliingia uzeeni na malipo haba. Uchumi ulipopata homa, waliotupwa nje walikuwa wafanyakazi: katika mwaka 1975 wasio na kazi walipita milioni 1, na miaka ya mwanzo ya 1980 wakapita milioni 2. Duka lilibaki limejaa, lakini kwa asiye na mshahara vioo vya duka ni ukuta wa aina yake.

Wageni wa pande mbili

Tabia ya mfumo hujulikana zaidi kwa unavyomtendea mgeni asiye na mtetezi. Pande zote mbili za Ujerumani zilihitaji mikono ya watu wa nje, na hapa Waislamu na Waafrika wanaingia katika hadithi hii.

Tarehe 30 Oktoba 1961, miezi michache baada ya mpaka kuzibwa, serikali ya Magharibi ilipatana na Uturuki kuleta wafanyakazi. Watu walipimwa afya zao Istanbul kabla ya kupandishwa garimoshi. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wengi, walioajiriwa katika viwanda vya vyombo vya umeme mjini Berlin. Waliishi katika mabweni, na wengine waliwaacha watoto kwa bibi zao Anatolia. Walidhaniwa watakaa muda mfupi na kurudi. Uajiri uliposimamishwa mwezi wa Novemba 1973, wengi walihofia kwamba wakiondoka hawataruhusiwa kurejea, wakabaki na kuzileta familia zao. Waliswali katika karakana na maghala ya nyuma ya majumba, kabla ya kuwa na misikiti inayoonekana barabarani. Ubepari uliwalipa mshahara wao, na ukawaacha wajijengee maisha. Lakini uliwaita kama mikono, na ukachelewa sana kutambua kwamba mikono huja na mwili, dini na watoto.

Upande wa Mashariki uliimba wimbo wa udugu wa mataifa. Kwa mkataba wa mwaka 1979 vijana wa Msumbiji, maelfu kwa maelfu, walipelekwa huko kufanya kazi na kujifunza ufundi. Sehemu ya mishahara yao, iliyofika hata asilimia 60, ilikatwa kwa ahadi kwamba watalipwa wakirudi kwao. Fedha hizo zilitumika kupunguza deni la serikali ya Msumbiji kwa Ujerumani ya Mashariki. Wanawake waliokuja kwa mikataba ya namna hiyo kutoka Msumbiji na Vietnam, wakipata mimba, kwa miaka mingi walikabiliwa na mambo mawili: kuitoa au kurudishwa kwao. Dola ilipoanguka, wengi walirejeshwa Msumbiji mikono mitupu. Huitwa Madgermanes, na kwa miongo kadhaa wameandamana katika barabara za Maputo wakidai jasho lao.

Na Waislamu chini ya ukomunisti?

Ujerumani ya Mashariki haikuwa na Waislamu wengi, na msomaji atakayetaka kujua hali ya Waislamu chini ya ukomunisti hana budi kutazama Asia ya Kati, iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Tarehe 8 Machi 1927 chama tawala kilianzisha kampeni nchini Uzbekistan ya kuwavua wanawake paranja, vazi lao la stara, na mavazi hayo yakachomwa moto hadharani. Kampeni iliyodai kumkomboa mwanamke haikumuuliza yeye. Wanawake waliovua walishambuliwa, na wengine wakauawa, na watu wa jamii zao wenyewe. Waliokataa kuvua waliandamwa na serikali. Mwanamke akawa uwanja wa vita vya wanaume wa pande mbili, na tunapolaani la serikali tusilinyamazie lile la jamii.

Misikiti na madrasa nyingi zilifungwa. Herufi za Kiarabu ziliondolewa, zikaletwa za Kilatini, kisha za Kirusi. Mjukuu akawa hawezi kusoma barua ya babu yake. Katika nchi jirani ya Kazakhstan, kunyang'anywa mifugo na nafaka kulileta njaa kubwa katika miaka ya mwanzo ya 1930, wakafa watu wanaokadiriwa kufika milioni 1 na nusu. Haki inatutaka tuseme pia kwamba mfumo huo huo ulifungua shule kwa wasichana na kuwafundisha wengi kusoma, na ukaeneza hospitali mahali ambapo hazikuwapo. Bibi wa Tashkent aliyepata kuwa daktari na akaficha Swala yake chumbani ni shahidi wa mambo yote mawili.

Ukuta ulipoanguka

Tarehe 9 Novemba 1989 ukuta wa Berlin ulifunguliwa kwa shinikizo la raia waliokuwa wameandamana kwa amani wiki kadhaa. Tarehe 1 Julai 1990 fedha za Magharibi ziliingia Mashariki, na madukani bidhaa zilizoota ndotoni zikajaa rafu. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo nchi ikawa moja. Watu walipata kura ya kweli, pasipoti, na usiku wa kulala bila kuhofia nani anasikiliza. Furaha hiyo ilikuwa ya haki, wala asiidharau yeyote ambaye hajawahi kuikosa.

Kisha hesabu ya pili ikaletwa. Shirika maalumu la serikali lilikabidhiwa makampuni ya umma yapatayo 8,000, yenye wafanyakazi milioni 4, liyauze au liyafunge. Kazi hiyo ilikamilika kwa sehemu kubwa kufikia mwisho wa mwaka 1994. Mamilioni ya ajira yalipotea, na wanawake ndio waliokuwa wengi miongoni mwa wasio na kazi. Wachimba chumvi ya potashi wa Bischofferode waligoma kula katika mwaka 1993 kuuokoa mgodi wao. Hata hivyo ulifungwa mwisho wa mwaka huo. Kodi za nyumba zikapanda, nyumba nyingi za malezi zikafungwa.

Akina mama walitoa hukumu yao kwa namna isiyohitaji maneno. Mwaka 1989 walizaliwa huko Mashariki watoto karibu laki 2; mwaka 1994 walizaliwa chini ya elfu 80. Hakukuwa na vita wala tauni. Watu walikuwa huru na maduka yalikuwa yamejaa, lakini mwanamke asiyejua kesho atalipwa na nani aliogopa kuleta mtoto duniani. Tukiutafuta ushahidi mmoja unaoonyesha kwamba uhuru na usalama ni mahitaji mawili tofauti, na kwamba familia haiwezi kukaa sana bila kimojawapo, tunauona hapa.

Na huku kwetu

Mambo haya hayakuishia Ulaya. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 Ujerumani ya Mashariki ilikaribishwa Zanzibar, na majumba ya ghorofa yaliyosimama Unguja kwa msaada na michoro yake yangali yakikaliwa na familia. Tanzania ilishika njia ya Ujamaa kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Huo haukuwa ukomunisti, lakini viwanda vikuu na mabenki viliwekwa mikononi mwa umma. Kenya, katika waraka wa serikali wa mwaka 1965, ilijitangazia ujamaa wa Kiafrika huku mlango wa mali binafsi ukiachwa wazi, na matendo yakaegemea ubepari.

Tofauti hizo zilipozaa ugomvi, mpaka ukafungwa kutoka mwaka 1977 hadi 1983. Familia za Vanga na Tanga, ambazo ni damu moja, zilitenganishwa na amri za watu wasiowajua. Wazee wetu wa upande ule husimulia foleni za sukari na sabuni, na hofu ya kushikwa na bidhaa za magendo. Wazee wa upande huu husimulia maduka yenye kila kitu, na ardhi ya mababu iliyopata hati kwa majina ya watu wa mbali, hata wana wake wakaitwa maskwota walipozaliwa. Kila upande uliuonea upande wa pili huruma, na kila upande ulikuwa na sababu.

Tunajifunza nini majumbani mwetu

Dini yetu tukufu ilikwisha kuigusa mizizi ya maradhi yote mawili. Surat al-Hashr inatutahadharisha na mali inayozunguka mikononi mwa matajiri pekee, na Surat al-Baqara imeharamisha riba. Surat al-Hujurat nayo imekataza kupelelezana na kusengenyana. Mali ya mtu imeheshimiwa, mirathi imepangwa, na mwanamke ana fungu lake na milki yake ambayo mume hana haki nayo. Papo hapo maskini amepewa haki katika mali ya tajiri, na wanaostahiki zaka wametajwa katika aina 8. Mafundisho haya yanamlinda mtu asimezwe na dola, na yanamlinda asimezwe na soko.

Lakini mafundisho yasiyotendwa hayamshibishi yatima, nasi hatuna ruhusa ya kujisifu kwa kitabu tulichokifunga. Bei isiyoandikwa dukani inalipwa leo katika mitaa yetu. Inalipwa na binti anayevuka bahari kwenda Ghuba kulea watoto wa wengine, huku wake wakilelewa na bibi, kama walivyolelewa wale wa Anatolia. Inalipwa na baba anayekopa kwa simu usiku ili anunue unga asubuhi, na kabla mwezi haujaisha anakopa tena kulipa ada ya mkopo wa kwanza. Inalipwa na mfanyakazi wa ndani ambaye mshahara wake tunauchelewesha sisi wenyewe, tunaolaani ubepari vibarazani. Na tunapogeuza simu zetu kuwa mitambo ya kuchunguza na kueneza siri za jirani, hatuhitaji dola ya kikomunisti kuja kututenganisha.

Tunapendekeza basi jambo lililo katika uwezo wa kila nyumba. Familia ikae pamoja, baba, mama na watoto walio baleghe, na iandike mambo matatu. Kwanza, ni deni gani la riba lililomo nyumbani, na litatoka kwa mpango gani. Pili, zaka ya nyumba hii, ikiwa mali imefika nisabu na kuzungukiwa na mwaka, ni kiasi gani, na je, inamfikia mjane mmoja kwa kiasi cha kumwinua, au inatawanywa shilingi hamsini hamsini mlangoni hadi inamalizika bila kumwinua yeyote? Tatu, ni nani anayefanya kazi kwetu au kwa ajili yetu, na je, analipwa kabla jasho lake halijakauka, kama tulivyofundishwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie?

Mitaa yenye vyama vya akina mama inaweza kwenda mbele zaidi: mfuko wa mkopo usio na riba, nyumba moja ya kulelea watoto wa akina mama wanaofanya kazi, wakfu wa chumba kimoja cha duka ambacho kodi yake inalipia karo za mayatima. Hayo hayangoji serikali kubadilika wala soko kuona huruma. Mama wa Leipzig aliishi chini ya mifumo miwili, na hakuna hata mmoja uliomletea vyote alivyovihitaji. Mama wa Majengo, Kibokoni au Kisauni naye asiachwe akingoja wa tatu ulio kamili, hali majirani zake wanaweza kuanza Ijumaa hii.

Wabillahi tawfiq.